Kusaiko tanki la goldifishi kwa maji ya Ziwa Tanganyika (shajara ya mradi, Kigoma)

Kwanini naandika

Mradi wenyewe ni huu: tanki la kioo la lita 160 hivi, goldifishi wawili wa aina ya oranda, sebuleni kwetu Mwanga, Kigoma mjini. Naandika huku kazi inaendelea kwa hiyo msishangae mambo yakirukaruka. Sababu kubwa ya kuandika ni kwamba maelezo mengi ya kusaiko tanki, yani kukuza kwenye filta bakteria wanaokula uchafu wa samaki, yameandikwa na watu wenye maji ya pH 7 (pH ni kipimo cha asidi na alkali, 7 ni katikati), na sisi tunaokinga bomba linalotoka ziwani tuna pH inayokaribia 9, na hiyo tofauti sio ndogo jamani, inabadilisha kiasi cha amonia unachoweka (ni sumu ya uchafu wa samaki, na ndo chakula cha hao bakteria), inabadilisha unavyosoma vipimo, mpaka namna ya kumtoa samaki kwenye mfuko.

Kioo

Kioo kakata fundi wa madirisha ya aluminiamu hapahapa Mwanga, milimita 8, urefu sentimita 100, upana 40, kimo 45. Silikoni ni ile isiyo na dawa ya ukungu, ikianza kukauka inanuka siki nyumba nzima, mama watoto akauliza nani kamwaga achari. Nikaiacha mpaka harufu ikaisha kabisa afu nikalijaza nje uwanjani, likivuja bora livujie mchanga. Halikuvuja. Stendi ni ya chuma ya kuchomelea, maana maji tu ni kilo 160, ongeza kioo na mawe unaikaribia 200, meza ya TV isahau.

Maji, hapa ndo penyewe

Nimekinga maji kwenye pipa, nikaweka jiwe la hewa, nikaacha usiku mzima klorini itoke, maana klorini inaua bakteria unaotaka kuwafuga kabla ya kitu kingine chochote. Afu nikapima na vipimo vya matone. Kile cha pH ya juu kadi yake inaishia 8.8, na tyubu yangu ikawa zambarau ileile ya mwisho kabisa kwenye kadi, yani ni 8.8 au zaidi. Hakuna cha kushangaa, Ziwa Tanganyika linajulikana kukaa kati ya 8.6 na 9.2 hivi, maji magumu yenye kaboneti nyingi na magnesiamu.

Sasa kwa ambaye ndo anaanza. Goldifishi hana mfuko wa tumbo, chakula kinapita moja kwa moja utumboni, anakula mchana kutwa na anakunya mchana kutwa, na amonia nyingi inatokea kwenye matamvua anavyopumua. Tanki lisilo na bakteria ni nyumba isiyo na choo. Bakteria wa kwanza wanageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, wa pili wanageuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka ubadilishe maji. Hao wa pili zamani walisemwa ni Nitrobacter, ila utafiti wa 1998 ukaonyesha kwenye matanki ya maji baridi kazi hiyo anaifanya Nitrospira, na 2015 ikagundulika wapo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili wenyewe bila kusaidiwa. Mmoja wao alipatikana kwenye filta ya ufugaji samaki, napenda sana hiyo habari, viumbe vimekaa kwenye sponji za watu miaka yote hakuna anayejua.

Turudi kwenye amonia. Ndani ya maji iko kwa sura mbili, kuna amonia yenyewe inayoua na kuna amoniamu ambayo ni ya upole, na vipimo vya dukani vinazihesabu zote kwa pamoja. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH na joto. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7 ile sumu haifiki hata asilimia 1 ya jumla. pH 8 ni kama asilimia 5. pH 9 ni kama asilimia 36. Isome tena hiyo. Yani tyubu inayoonyesha 1 mg kwa lita kwa mtu wa pH 7 ni kero tu, kwetu sisi theluthi nzima ya hiyo ni sumu hai, samaki anaanza kuhema juu ya maji hujamaliza hata chai. Ndo maana kwa huku mimi sikubaliani kabisa na kusaiko samaki akiwa ndani, hata uwe na chupa ya bakteria wa dukani ya bei gani.

Wema wa haya maji upo upande wa pili. Bakteria wakifanya kazi wanakula kaboneti, na zikiisha pH inaporomoka na kazi inasimama. Kwetu kaboneti ni tele. Na joto la sebule nyuzi 26 wanalipenda, hita ya nini Kigoma.

Filta

Sponji mbili za kuvutwa na pampu ya hewa, moja kila kona, na juu ya tanki kandoo ka lita 10 nilikokatoboa chini, nikajaza zile nyavu za plastiki za kusugulia sufuria, pampu ndogo inapandisha maji yanachuruzika kurudi. Dodoki la shambani halifai, najua kuna watakaouliza, linaoza na kuongeza uchafu uleule unaoukimbia. Sponji la godoro nalo matundu yake madogo mno, linaziba upesi.

Sababu ya kutegemea sponji za hewa ni umeme. Filta ya kopo lililofungwa, umeme ukikatika oksijeni inaisha mle ndani na bakteria wanaanza kufa, sponji lililoko ndani ya maji ya wazi linavumilia zaidi. Na pampu ya hewa inakula umeme kidogo, hata betri ya sola inaiendesha. Nimeshaiunganisha ya DC pembeni.

Jumamosi, amonia inaingia

Wengi wanatumia amonia ya chupa isiyo na sabuni, huku sijaiona dukani. Kuna wanaoozesha kamba wale wa baharini ndani ya soksi, na kwa Kigoma jibu la haraka lingekuwa dagaa, ila dagaa mmoja anatoa amonia kiasi gani huwezi kujua, na mama watoto alishasema ile harufu ya siki ilitosha kwa mwaka huu.

Nilichotumia ni mbolea ya SA (salfeti ya amonia), ile nyeupe kama sukari, ipo kwenye maduka ya pembejeo, mfuko unaandikwa naitrojeni 21 na salfa 24. Sio mbolea ya CAN, hiyo ina naitreti ndani na itakuvuruga vipimo. Sio urea, hiyo inasubiri kwanza ivunjwe na bakteria wengine ndo iwe amonia. Nimepima gramu 10 kwenye kamzani ka jikoni nikayeyusha kwenye chupa ya lita moja ya maji. Kila mililita 40 za hiyo chupa kwa lita 100 za tanki inakupa karibu 1 mg ya amonia kwa lita. Tanki langu ni mililita 65 hivi, napima kwa kikombe cha dawa ya kikohozi.

Maelekezo mengi yanasema weka 2 mpaka 4. Mimi naweka 1 tu, makusudi kabisa. Ile amonia ya sumu ikiwa nyingi haisumbui samaki peke yake, inawabana na hao bakteria wa naitraiti, na kwa pH yetu 4 mg ingekuwa na zaidi ya 1 mg ya sumu tupu, hapo unaweza kukaa na naitraiti imeganda wiki na wiki ukilaumu chupa bure.

Chupa imefika

Bakteria wa chupa waliagizwa Dar, wakaja na basi. Reli ya kati kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, barabara nayo sio mchezo, na buti la basi mchana wa jua sijui linafika nyuzi ngapi. Hilo ndo tatizo la chupa hizi kwa sisi wa mwisho wa reli. Bakteria wanaokula amonia hawatengenezi mbegu za kulala, kwa hiyo joto kali au kukaa muda mrefu dukani vinawamaliza. Zile chupa zinazoandikwa Bacillus zinasafiri vizuri kwa sababu Bacillus anatengeneza hizo mbegu, ila kazi yake zaidi ni kuvunja mabaki ya chakula na mavi, sio huyu wa amonia tunayemtafuta. Ukinunua soma pembeni, utafute Nitrosomonas na Nitrospira, na uangalie tarehe.

Yangu tarehe iko sawa. Nikaitikisa vizuri maana wanatuama chini kama tope, nikamimina nusu moja kwa moja kwenye sponji na nusu kwenye kandoo.

Pembeni nikaweka ndoo nyingine ya lita 20 yenye sponji yake na maji yaleyale, na mbolea kwa kiwango kilekile, bila chupa. Humo nimekamulia sponji chafu kutoka kwa jamaa yangu wa Katonga ambaye anatunza samaki wa mapambo wa ziwani, kina Tropheus, wakisubiri kusafirishwa. Maji ya kukamua yalikuwa ya kahawia kama chai ya maziwa iliyosahaulika, dogo wa jirani akakimbia. Hasara ya njia hii ni kwamba unaweza kubeba na vimelea vya magonjwa, ila ndoo haina samaki wa kuwalisha, na jamaa samaki wake ni wazima.

Kimya

Mkwe wangu, mzee wa Kibirizi aliyemaliza ujana wake akivua migebuka, amekuja kusalimia. Nimempa shikamoo, kajibu, kasimama mbele ya tanki muda mrefu, taa inawaka, mapovu yanapanda.

"Mwanangu, hapa unafuga maji?"

"Bakteria, baba. Samaki watakuja baadae."

"Na hao bakteria unawauza?"

Akacheka mpaka akakaa.

Vipimo: amonia tanki kubwa imeshuka kutoka 1 mpaka 0.5. Hapa watu wengi wangeshangilia. Angalia lakini, naitraiti ni sifuri, buluu safi ya anga haina hata dalili ya zambarau. Kwa pH hii na mapovu mengi namna hii, amonia nyingine inapanda zake hewani tu, haijaliwa na mtu. Ushahidi wa bakteria ni naitraiti kutokea, amonia kushuka peke yake usiiamini. Ndoo ya Katonga, ambayo nayo ina mapovu, ina zambarau tayari.

Nimeongeza amonia irudi 1 kote kuwili nikaendelea na maisha.

Umeme

Umekatika jioni mpaka asubuhi. Betri ya sola imeendesha pampu ya hewa usiku kucha, kandoo ka juu kakasimama maana pampu yake ya maji ni ya umeme wa ukutani. Asubuhi nimekamwagia maji ya tanki kwa jagi nyavu zisikauke. Hakuna cha ziada.

Zambarau

Tanki kubwa hatimaye limeonyesha naitraiti, hafifu, kama 0.25. Kwa hiyo chupa haikufa yote, kuna wachache waliovumilia safari, sasa wanazaana. Hawa bakteria ni wavivu kuzaana ukilinganisha na wale wa kuozesha, wanahitaji saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku nzima, kujigawa mara moja tu, ndo maana jambo zima linakula wiki.

Ndoo ya Katonga muda huohuo imeshapita huko. Naitraiti ilipanda ikawa zambarau iliyoiva, kipimo kinaishia 5 na baada ya hapo rangi haikwambii kitu, ukitaka kujua changanya sehemu moja ya maji ya tanki na sehemu nne za maji safi, pima, zidisha kwa 5. Afu ikaanza kushuka, na naitreti ikaonekana. Kile kipimo cha naitreti kina chupa mbili na ya pili lazima uitikise sekunde 30 kwa nguvu, dawa yake inaganda chini, usipofanya hivyo utasoma sifuri wakati tanki limejaa, watu wanadanganywa na tyubu ya njano kila siku.

Uamuzi: nimechukua sponji ya ndoo nikaihamishia tanki kubwa, ikakaa kona ya tatu. Sina sababu ya kusubiri mashindano yaishe. Maji ni yaleyale, pH ileile, na hao bakteria wamezoea ziwa tangu zamani, hawajaletwa na basi.

Tangu hapo mambo yamekimbia. Naweka 1 mg jioni, asubuhi amonia njano tupu, yani sifuri, naitraiti bado ipo. Siku zikisogea na naitraiti inakuwa hafifu zaidi. Kigezo changu ni kwamba ile 1 mg iishe yote na naitraiti iwe sifuri ndani ya saa 24, tena sio mara moja ya bahati, mfululizo. Kilipotimia nikajaribu 2 mg makusudi, ikaisha pia.

Samaki

Kabla ya kuwaleta nimebadilisha karibu maji yote, maana naitreti ilikuwa nyekundu. Bakteria wamekaa kwenye sponji na mawe, sio kwenye maji, kwa hiyo kumwaga maji hakuwapotezi. Maji ya zamani yameenda kwenye mchicha, naitreti ni mbolea.

Muuzaji wa Dar nilimwomba awahamishie oranda kwenye maji yaliyopandishwa pH kwa beking soda, kidogokidogo, kabla ya kuwafunga. Kalalamika ila kafanya. Goldifishi anavumilia pH kubwa kuliko wengi ila kubadilishiwa ghafla hapana.

Sasa sikilizeni hapa kwenye mfuko. Samaki akisafiri muda mrefu anapumua kabonidayoksaidi inashusha pH ya maji ya mfuko, na amonia aliyoitoa humo inabaki ile ya upole. Ukifungua mfuko ile gesi inatoka, na ukianza kudondoshea maji yetu ya pH 9 taratibu kama watu wanavyofundisha, ile amonia yote inageuka kali samaki akiwa ndani yake. Kwa hiyo mfuko nimeuelesha tankini ukiwa umefungwa mpaka joto likalingana, nikaufungua, nikawatoa na wavu wa kitambaa laini, tankini moja kwa moja, maji ya mfuko nje. Wakajibanza nyuma ya jiwe. Yule mwekundu mwenye kichwa kama amevaa kofia ya sufu ndo wa kwanza kutoka, akaanza kupekua changarawe.

Binti yangu kawapa majina sita kwa samaki wawili, bado tuko kwenye majadiliano.

Baada ya hapo

Chakula kidogo sana mwanzoni. Amonia sifuri. Naitraiti ikachungulia, 0.25, siku moja nilipoongeza chakula. Nikabadilisha theluthi ya maji na nikatia chumvi gramu 160, yani 1 kwa lita, chumvi ya Uvinza hiihii ya mkoani kwetu. Naitraiti inaingia kwenye damu ya samaki kupitia matamvua kwa mlango uleule unaopitisha kloridi, ukiweka chumvi kloridi inawahi nafasi na naitraiti inabaki nje. Kesho yake ilikuwa sifuri.

Oksijeni naiangalia kwa macho. Goldifishi ni samaki wa maji ya ubaridi, maji ya vuguvugu yanabeba oksijeni kidogo, na sisi tuko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari ambako nayo inapungua kiasi. Kwa hiyo mapovu hayazimwi, na wawili wanatosha, aliyenishauri niongeze wa tatu "apate mwenza" amejibiwa vizuri tu.

Jambo lingine na hili sitanii: hawa hawaendi ziwani hata siku moja, wala maji yao kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Tanganyika ina kama aina 250 za samaki wa ukoo wa sikilidi na karibu zote hazipo kwingine duniani, goldifishi ni ukoo wa samaki aitwaye kapu kutoka China. Ukichoka naye mgawie mtu.

Shemeji yangu wa Tabora ameona picha na yeye anataka. Nimemwambia asinakili namba zangu. Maji ya Tabora mjini siku hizi yanaletwa kutoka Ziwa Victoria, ambayo ni laini, kaboneti chache, kwake amonia haitakuwa kali hivi na anaweza kuanza na 2 mg bila wasiwasi, ila pH inaweza kuporomoka katikati ya saiko bakteria wakasusa, awe na beking soda karibu na apime pH kila anapopima amonia. Chupa asinunue kwanza. Akipanda treni kuja huku namkamulia sponji, aibebe imelowa kwenye ndoo yenye jiwe la hewa la betri, asiifunge kwenye mfuko wa plastiki njia nzima.

Sponji zangu nazikamua moja moja kwa kupokezana, ndani ya ndoo ya maji ya tanki, bombani hapana kwa sababu ya klorini. Kinachofuata ni kuihamishia pampu ya kandoo ka juu kwenye betri nayo, fundi wa sola kasema Alhamisi.